Chanjo ya Ebola ilifika Mangina. Ya gripi inashindwa wapi?



Mvua ikianza kunyesha vizuri, Beni na Butembo zinaanza kukohoa. Munajua vile inakuwa. Kwenye darasa la watoto sitini mmoja anapiga chafya Jumatatu, Ijumaa nusu ya bangu ziko tupu. Usiku madirisha yanafungwa juu ya baridi, mbabula ya makala inaingizwa ndani ya nyumba, watu saba wanalala chumba kimoja. Mama anasema mutoto iko na kifua. Jirani anajibu: "Ni gripi tu, mupatie tangawizi na ndimu, itapita."

Sisi wenyewe tumesema vile mara nyingi. Na kwa kijana wa miaka 22 anayekula vizuri, kweli inapita. Tunalala siku tatu, tunalalamika kwenye WhatsApp, siku ya nne tuko tena barabarani. Shida iko kwenye lile neno "tu". Kwa mama mwenye mimba ya miezi saba si "tu". Kwa mtoto wa miezi mitatu si "tu". Kwa mzee mwenye sukari, kwa mgonjwa wa moyo, kwa mtu wa pumu, gripi inaweza kushuka kwenye mapafu na kuua. OMS inahesabu kwamba gripi ya msimu inaua duniani kati ya watu 290 000 na 650 000 kila mwaka kwa shida ya pumzi peke yake. Kwetu wengi wa namna hiyo wanazikwa chini ya jina la "malaria" ao "homa kali", juu hakuna aliyepima kitu kingine.

Mutatuuliza ushahidi uko wapi. Mukumbuke Panzi. Si Panzi ya Bukavu yenye hospitali tunayoijua sote, hapana. Ni zone ya afya ya Panzi kule Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Mwisho wa 2024 redio zote za dunia zilianza kusema juu ya "ugonjwa usiojulikana" wa Kongo. Wengine waliuita ugonjwa X, sawa vile sinema. Kati ya tarehe 24 Oktoba na tarehe 5 Desemba kuliandikwa wagonjwa 406, na watu 31 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto, hasa wale wa chini ya miaka mitano. Maabara ya kupima haikuwa pale. Sampuli zilipaswa kusafirishwa mpaka Kikwit, zaidi ya kilometa 500, kwa barabara ya mvua ambayo kila Mkongomani anaweza kuichora akilini bila kuiona.

Majibu yalipotoka, hakukuwa na ugonjwa X. Kulikuwa na virusi vya kawaida vya njia ya pumzi, kati yavyo gripi ya H1N1, virusi vya mafua na Covid. Vilikutana na malaria ndani ya miili ya watoto ambao tayari walikuwa na utapiamlo. Dunia ilipumua, kamera zikaondoka. Na hapo njo tulikasirika. Ugonjwa ukiwa mpya na wa kuogopesha nchi za mbali, watu wanakuja mbio. Ikijulikana ni gripi, malaria na njaa, kila mtu anarudi kwake. Sawa kabisa kusema: hawa watoto walikufa kwa mambo ya kawaida, basi hakuna habari.

Hatutaki kudanganya mtu. Hatusemi chanjo ya gripi ingeokoa wote wa Panzi. Mtoto mwenye njaa na malaria anahitaji chakula, chandarua na dawa kwanza. Tunachosema ni kwamba mojawapo ya vitu vilivyomshambulia ina chanjo inayotumika duniani tangu miaka ya 1940, na kwenye kalenda ya chanjo ya nchi yetu haimo.

Mufungue kadi ya chanjo ya mtoto yeyote wa kartie yenu. Mutakuta BCG, polio, penta, surua, homa ya manjano na nyingine. Mutakuta pia pneumo, iliyoingia Kongo mwaka 2011, na hiyo ni kazi nzuri ya PEV ambayo lazima tuisifu, juu pneumo na penta zinalinda mapafu ya mtoto dhidi ya bakteria. Lakini upande wa virusi vya msimu, kadi iko nyeupe. Na mtu mkubwa hana hata kadi. Mama akienda CPN anapewa chanjo ya tetanosi, anarudi nyumbani.

Tuliuliza kwenye farmasi za mji. Tulienda wawili wawili, tukisema tunatafuta chanjo ya gripi. Tulipewa siropo ya kikohozi. Tulipewa paracetamol. Mahali pamoja walitupendekezea antibiotiki, ambayo haifanyi kitu kwa virusi, na muuzaji alitaka kabisa tuibebe. Mmoja tu alijua tunasema nini. Alituangalia, akacheka: "Ile ni ya watu wa badji." Alikuwa na maana ya wafanyakazi wa mashirika makubwa ya kimataifa. Hatuna wivu na chanjo ya mtu. Dereva wa shirika akilindwa, ni vizuri. Lakini muuguzi wa santre ya afya anayepokea watoto hamsini wenye kikohozi kwa siku, bila prime miezi na miezi, yeye hana kitu. Anaweza kuibeba gripi kutoka kitanda hiki mpaka kitanda kile, kiisha aipeleke nyumbani kwake.

Tuseme sasa chanjo yenyewe iko namna gani, juu watu wengi kati yetu tulikuwa hatujui.

Virusi vya gripi vinabadilika kila wakati, sawa mwizi anayebadilisha nguo. Njo maana chanjo ya mwaka uliopita haitoshi mwaka huu. OMS inakutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka: Februari kuchagua chanjo ya upande wa kaskazini wa dunia, Septemba kuchagua ya upande wa kusini. Na sisi? Butembo iko karibu kabisa juu ya ikweta, ukitoka kidogo tu unaivuka. Hatuna baridi ya theluji inayotuambia msimu umefika. Basi nchi yetu lazima ichague yenyewe ni chanjo gani na itolewe mwezi gani, kufuatana na vipimo vya hapa. INRB ya Kinshasa inafuata gripi kupitia vituo vya uangalizi, kwa hiyo kazi haianzi kwenye sifuri. Lakini bila vipimo vya kutosha vya mashariki, chanjo inaweza kufika wakati wimbi limekwisha kupita, na dozi za mwaka zikipita muda wake zinatupwa.

Haizuii kila mafua. Ukichanjwa, unaweza bado kupata mafua ya virusi vingine na kusema "munaona, walitudanganya". Mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza hatari ya kuugua gripi kwa asilimia kati ya 40 na 60. Si ukuta wa chuma. Ila hata ukiugua, inasaidia usifike kwenye oksijeni, na oksijeni kwetu munajua bei yake. Na haiwezi kukupa gripi: ile ya sindano imetengenezwa na virusi vilivyouawa ao vipande vyao tu. Mkono unaweza kuuma, homa kidogo siku moja ao mbili, basi.

Mama mwenye mimba akichanjwa, kinga inapita kwenye damu mpaka kwa mtoto tumboni, na mtoto anazaliwa nayo kwa miezi ya kwanza. Hii tuliiona ya ajabu. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kupewa chanjo ya gripi, ni mama peke yake anaweza kumupatia kinga. Vilevile kuna kirusi kingine ambacho watu wa mji hawajui jina lake, waganga wanakiita VRS. Njo kile kinachomfanya mtoto mchanga avute pumzi kwa shida mpaka mbavu zinaonekana. Kinaua watoto karibu 100 000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, na karibu wote wako kwenye nchi kama yetu. Tangu 2025 OMS inapendekeza chanjo yake kwa mama kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Mama zetu wako tayari kwenye foleni ya CPN. Foleni iko, kiti kiko, muuguzi iko. Sindano njo haiko.

Kuna jibu tunalolisikia kila mara: "Kongo ni kubwa, hakuna umeme, hakuna firigo, chanjo za namna hiyo haziwezekani hapa." Kwa watu wa Kinshasa labda jibu hilo linapita. Kwa watu wa Beni na Butembo, hapana, haliwezi kupita.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa hapa kwetu, ikianzia Mangina. Chanjo ya Ebola ya wakati ule ilitaka kuhifadhiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, kati ya nyuzi 60 na 80. Ilifika Mangina. Ilifika Beni, Butembo, Katwa, kwenye barabara ambazo hata motari anafikiri mara mbili, na watu zaidi ya 300 000 walichanjwa. Waliobeba yale masanduku, waliotafuta waliogusana na wagonjwa, waliogonga mlango kwa mlango, wengi walikuwa watoto wa hapa, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Chanjo ya gripi inataka nyuzi 2 mpaka 8, baridi ileile ya firigo inayohifadhi penta ya mtoto. Basi wasituambie habari ya firigo. Ebola ilikuwa inaogopesha ulimwengu, pesa ilitoka. Gripi inaua watu wetu polepole, pesa haitoki.

Lakini tukisema Ebola, tuseme yote. Hatutaki historia ya nusu.

Mwaka 2018, watu wetu wengi hawakukataa chanjo kwa sababu ni wajinga. Walikuwa wanaona mambo. Walichinjwa tangu Oktoba 2014 na hakuna aliyekuja mbio, halafu Ebola ilipofika, magari meupe yalijaa mji kwa wiki chache. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi nzima ilipiga kura ya Rais, Beni na Butembo tukaondolewa, eti juu ya Ebola, wakati masoko na makanisa yalikuwa wazi. Vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe siku ile, wakanawa mikono, wakasimama kwenye mstari, ili kuonyesha kwamba inawezekana. Baada ya pale, ukimwambia mtu "hii chanjo ni juu ya afya yako", alikuwa anakuuliza: "Na kura yangu?" Kiisha watu wakaanza kusema juu ya Ebola biashara. Kiisha mwaka 2021 tume huru ikatoa ripoti juu ya wamama na wasichana walionyanyaswa kimwili na watu waliokuja kwa jina la kupigana na Ebola: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe.

Na upande ule mwingine, Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa hapa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, ndani ya hospitali, wakati alikuwa kazini. Alikuja kututibu. Uongo uliozunguka kwenye vikao na kwenye simu zetu ulisaidia mazingira yale ya kumuua, na sisi vijana hatukuwa wote upande mzuri. Kuna waliotuma zile odio. Kuna waliocheka. Ugonjwa ule uliisha tarehe 25 Juni 2020, ukiacha wafu 2 287. Hatuwezi kudai chanjo leo bila kukubali sehemu yetu ya jana.

Covid ilirudia somo. Tarehe 2 Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Zilikaa. Uzinduzi uliahirishwa, ukafanyika tarehe 19 Aprili, na kabla mwezi haujaisha ikaamuliwa dozi milioni 1,3 zipelekwe nchi nyingine, juu zingepita muda wake kabla hatujazitumia. Viongozi wenyewe walikuwa na mashaka mbele ya watu, na mtu wa kartie alifuata mashaka ya mkubwa. Hakuna aliyekuja kukaa na wamama wa soko na kujibu maswali yao moja moja. Walileta mabango.

Kwa hiyo tunajua mapema: chanjo ya gripi ikiletwa sawa vile Covid ililetwa, kwa haraka, kwa mabango na magari ya vioo vyeusi, itakataliwa, na sisi hatutashangaa. Ikiletwa kupitia muuguzi ambaye mama anamjua kwa jina, kwenye CPN ileile, na reko wa kartie ambaye amelipwa, watu watauliza maswali na watakubali kidogo kidogo. Reko tunamtaja kwa makusudi. Anatembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, anapewa fulana na kofia, kampeni ikiisha anasahauliwa.

Kuna ndugu zetu watakaotuandikia: "Watu wanakatwa mapanga, nyie munasema juu ya gripi?" Tunawaelewa. Tumezika nao. Lakini muangalie wale waliokimbia. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo, zikaingia kwenye nyumba za wandugu, kwenye masomo, kwenye makanisa. Watu kumi na tano kwenye chumba kimoja, bila blanketi, kwenye baridi ya Lubero. Vita inaua kwa risasi, na inaua pia kwa kikohozi cha mtoto aliyelala chini ya bati la jirani. Yule wa pili hahesabiwi kwenye orodha ya vita.

Halafu pesa. Tunajua swali litakuja.

Katiba yetu, artikli ya 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria ya afya ya jamii ya tarehe 13 Desemba 2018 inasema juu ya afya kwa wote. Mwaka 2001 kule Abuja wakubwa wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kongo ilikuwa mezani. Kwa miaka mingi tumezoea kwamba Marekani, Gavi na wengine watalipa. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada mingi kwa siku chache, na ikatangaza haitatoa tena pesa kwa Gavi. Tuliona kwenye santre za hapa maana yake. Kwa hiyo hata chanjo za watoto tulizo nazo ziko hatarini, na mtu anaweza kutuambia huu si wakati wa kuomba nyingine. Sisi tunaona kinyume. Kama Leta haijaandika kwenye bajeti yake mstari wa chanjo ya watu wake, kila mara tutakuwa tunangoja uchaguzi wa watu wengine ili kujua kama mtoto wa Katwa atapumua.

Hatuombi dozi milioni. Tunaomba ianze ndogo na ianze kweli. Kwanza wauguzi, waganga na wafagiaji wa hospitali, maana hao wakianguka wote tunaanguka. Kisha wamama wa CPN kwenye zone za afya za Beni, Butembo na Katwa. Wazee na wagonjwa wa sukari, moyo na pumu wafuate dozi zikiongezeka. Hao wote OMS inawataja kama watu wa kwanza kwa chanjo ya gripi, hatukuwachagua kwa kupendelea. Iwe bure, bila "motisha" ya chini ya meza. Na kila mwezi zone itundike kwenye mlango karatasi: dozi ngapi zilifika, ngapi zilitolewa, ngapi ziliharibika. Karatasi na bomba tu, haihitaji mfadhili.

Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa, na tangu Goma ilipokamatwa serikali ya jimbo inafanya kazi hapa Beni. Zamani tulikuwa tunaambiwa mafaili yetu yako Goma. Leo ofisi ya gavana tunaifikia kwa miguu. Barua yetu juu ya chanjo ya gripi tutaipeleka pale na kopi kwa divisheni ya afya, na tutataka muhuri wa kupokelewa, siku na saa.

Nyie munaosoma, wiki hii muende kwenye santre ya kartie yenu, kwa heshima, bila kelele, bila kamera usoni mwa mtu anayefanya kazi bila mshahara. Muulize mambo matatu: watoto wangapi wamepokelewa na kikohozi na shida ya pumzi mwezi huu, firigo ya chanjo inafanya kazi ao hapana, na muuguzi mwenyewe amewahi kupewa chanjo ya gripi. Muandike majibu, jina la kartie, tarehe, bila jina la muuguzi, asipate shida. Mututumie. Hayo majibu njo tutayaweka pamoja na barua.

Na kama nyumbani kwenu kuna mtoto anavuta pumzi mbio, mbavu zinaingia ndani, ao anakataa kunyonya, musingoje chanjo wala barua. Mumubebe hospitali usiku uleule.